Msalimie Baba

Baba yangu alifariki nikiwa Japani, na watu wa nyumbani wakanificha. Nalisema mwanzoni kabisa, maana mimi mwenyewe nimechoka kuchezewa na sitaki kumchezea mtu mwingine.

Kwetu ni Palma, Msumbiji. Baba alikuwa na duka dogo la vitenge, na shamba la mihogo na mikorosho kule Mute, na ndiye aliyetaka nisome Kijapani. Jamaa walimcheka mpaka wakachoka. Kijapani! Mtoto wa kike akahangaike na lugha ya watu wasioujua hata ugali! Yeye hakujali. Alikuwa amewaona mainjinia wa Kijapani wakipita na magari yao kwenda Afungi, ndani ya uzio wa mradi wa gesi, wakiongea na vijana wetu kwa vidole, akaamua kwamba binti yake ndiye atakayewasemea. Vijana wa mtaani waliingia Afungi kulinda geti na kuosha masufuria, mkataba ukiisha wanarudi kukaa barazani. "Wewe utaingia kwa mlango wa mbele, mama," aliniambia. Nilipopata bolsa, ufadhili wa kwenda kusoma chuo kikuu huko huko Japani, alizunguka mtaa mzima akiwatangazia hata waliokwisha kusikia.

Watu hudhani mwanafunzi wa ng'ambo kazi yake ni kusoma tu. Thubutu! Bolsa ililipa chuo na chumba, tumbo nikaachiwa mwenyewe. Darasani tulikuwa mchanganyiko, Wanepali, Wavietinamu, na mimi peke yangu kutoka Msumbiji, na nusu yetu tulisinzia juu ya zile herufi kwa sababu tulikuwa tumetoka kufunga vyakula kiwandani au kutandika vitanda hotelini. Mwalimu alikuwa akigonga meza taratibu kwa kalamu ili kutuamsha. Hakuwa na hasira, alikuwa akituhurumia, na hilo ndilo lililoniudhi.

Mimi nilipata kazi kwenye nyumba ya kulelea wazee. Wallahi siku ya kwanza niliwalaani watoto wao kimoyomoyo. Unamtoaje mzazi wako nyumbani ukamwachia mgeni amwogeshe? Halafu nikawaona hao watoto wakija Jumapili na nguo safi zilizokunjwa, wakitoka wanasimama kando ya gari na kujifuta macho kabla ya kuwasha. Nikaufunga mdomo wangu.

Palikuwa na bibi mmoja niliyempenda. Kumbukumbu zilikuwa zimemtoka. Kila siku baada ya chakula cha mchana alivaa koti, akachukua mkoba, akaketi karibu na mlango kumngoja mumewe arudi kutoka kazini kwenye reli. Mume alikuwa amekufa zamani. Mara ya kwanza aliponiuliza, "Mume wangu yuko wapi?" nilibabaika, na Kijapani changu chote kikayeyuka. Msimamizi wetu wa zamu akaniita pembeni akanifundisha. Usimwambie amekufa, alisema, kwa sababu kwake itakuwa habari mpya, atafiwa leo, na kesho atafiwa tena. Sema ametoka kidogo, atarudi. Kisha mgeuzie maneno haraka, muulize amekula nini, mwambie habari ya baridi, mletee chai. Na sauti yako iwe nyepesi.

Nikajifunza. Nilikuwa hodari mno. "Ametoka kidogo, bibi, atarudi. Asubuhi umekula nini?" Bibi anavua koti, tunakunywa chai. Lakini moyoni nilikuwa nikiwashangaa. Kwetu, nilijiambia, mtu mzima hadanganywi namna hii. Haki ya Mungu, nilijiambia hivyo hivyo.

Nyumbani nilikuwa nikipiga simu kila Ijumaa. Kwangu ilikuwa alasiri, nimetoka kazini, kwao asubuhi. Baba alipenda kupokea kwanza. "Ee, Mjapani wangu, umekula?" Nikimwamkia anaitikia kwa sauti kubwa mpaka majirani wasikie kwamba anaongea na Japani. Mwaka wangu wa mwisho kifua kilianza kumsumbua. Nilimsikia akikohoa, akisema ni vumbi tu la dukani. Nilikuwa na hamu moja tu, nimalize, nirudi, aniulize neno lolote kwa Kijapani mbele ya wale waliomcheka, nami nimjibu.

Kisha ikaja Ijumaa ambayo alipokea mama. Baba yuko Mute, anapalilia. Ijumaa iliyofuata baba yuko dukani, kuna wateja wengi. Nyingine baba amelala, tusimwamshe. Nikaomba tuonane kwa video, mama akasema simu imepasuka kioo. Na jambo jingine nililisikia bila kulifikiria. Mama yangu ni mtu wa kutembea, asubuhi huwezi kumkuta nyumbani hata kwa bunduki, yuko shamba, yuko sokoni, yuko kwa mgonjwa. Sasa kila nikipiga yumo ndani, kimya, kama hana pa kwenda. Nikafurahi, ati mama ameanza kupumzika!

Ijumaa moja nilikuwa nimesimama nje ya nyumba ya wazee, baiskeli mkononi. Nikamwambia, "Mama, leo sikubali, niitie baba."

"Ametoka kidogo," mama akasema. "Atarudi. Huko baridi imepungua? Umekula nini leo?"

Sauti yake ilikuwa nyepesi.

Baiskeli ilinitoka mkononi ikaanguka. Maneno hayo nilikuwa nimeyasema mimi mchana ule ule, kwa mpangilio ule ule, na ninajua husemwa kwa ajili ya mtu wa namna gani. Hapo mengine yote yakajipanga yenyewe. Mama hatoki kwa sababu yuko eda, mjane haruhusiwi kuzurura. Hataki video kwa sababu ningeziona nguo za eda. Loo! Na mimi desturi yetu naijua tangu utotoni: aliye mbali hapigiwi simu ya msiba. Jirani yetu aliyekuwa akifanya kazi Maputo aliambiwa aje mara moja, mama yake anaumwa, akafika na dawa mkononi, kumbe mama ana wiki nzima kaburini. Niliyaona hayo kwa macho yangu, na bado sikudhani yatanifika.

Kwa nini sikumuuliza? Nimejiuliza sana. Ningemlazimisha mama aliseme lile neno simuni, peke yake, na mimi niko bara jingine siwezi hata kumshika mkono. Nikasema, "Haya mama. Msalimie baba." Akasema, "Zitafika." Nikaingia ndani, nikatawadha kwenye sinki la wafanyakazi, nikamwombea baba rehema bila kujua alikufa siku gani wala kazikwa upande gani.

Tukaendelea hivyo, watu wawili wazima. Kila Ijumaa namtumia salamu maiti, na mama ananijibu zimefika. Nilifanya mtihani wa mwisho. Nilifaulu vizuri. Walimu walinipongeza kwa kuinama, nami nikainama, na nilitamani mmoja wao aniulize mbona sicheki.

Nilirudi Palma nikiwa nimejiandaa. Sikujua kwamba mji nao umejiandaa. Nilipoingia tu uani mikeka ilikwisha tandikwa, na wanawake wa mtaa mzima wamekaa wamejitanda kanga. Kwetu aliyekosa mazishi hufunguliwa msiba upya, alie na wenzake. Wakanikumbatia mmoja mmoja, pole mwanangu, pole mama, wakilia machozi ambayo walikuwa wameniwekea kwa miezi. Muuza maandazi alijua, mwalimu wangu wa madrasa alijua, wale waliomcheka baba walijua na walibeba jeneza lake. Mji mzima ulijua, na mimi binti yake ndiye mgeni. Nilikaa kwenye mkeka macho makavu. Nilisikia wakinong'ona kwamba Japani imenifanya jiwe.

Walipoondoka nilimgeukia mama. Sikumheshimu. Nilimwuliza kwa haki gani. Nilimwambia baba alikuwa wangu pia, na hata mbwa huachwa anuse maiti ya bwana wake. Mama alinisikiliza mpaka mwisho, akiokota vikombe.

"Baba yako mwenyewe ndiye aliyesema," akanijibu. "Alinishika mkono, akasema asiambiwe mpaka amalize, akiambiwa ataacha. Aliniapisha. Ningefanyaje?"

Sasa umkasirikie nani, marehemu? Nilikuwa nimebaki na hasira isiyo na mwenyewe. Nikasema, "Lakini mama, nilijua. Tangu ile siku uliponiambia ametoka kidogo."

Akaviweka vikombe chini.

"Ulijua?" akasema. "Ulijua, ukawa unanipa salamu nimfikishie?"

Nikainama nikaanza kuviokota vile vikombe.

"Unajua Ijumaa ilikuwaje humu ndani?" akasema. "Alhamisi wanawake wakija kunifariji nawazuia wasinilize, sauti isije ikakauka ukanishtukia kesho yake. Ijumaa nakunywa maji ya moto, nafanya mazoezi ya kucheka peke yangu kama mwehu. Ukishakata simu nakaa nakungoja Ijumaa nyingine. Nimemaliza eda nzima, mwanangu, sijamlilia mume wangu. Kila nikitaka kuanza nakumbuka utapiga."

Mimi niliyelipwa kwa kazi hiyo naijua ilivyo nzito, na mimi nilikuwa nikimdanganya mke wa mtu nisiyemjua. Yeye alikuwa akimficha mume wake mwenyewe.

"Basi lia sasa, mama," nikamwambia. "Nimekwisha fika. Simu haipigwi tena."

Mama alikaa kwenye mkeka, akatazama mikono yake. "Sasa sijui hata panaanzia wapi," akasema.

Nikakaa karibu yake, nikaanza mimi.