Mtihani wa Tatu wa Verdell Gaskins

Kama leseni ya unesi ingetolewa kwa kutazama mikono ya mtu, Verdell Gaskins angeipata kabla mimi sijaolewa mara ya kwanza. Lakini haitolewi hivyo. Inatolewa na mashine ya kompyuta, ndani ya chumba chenye baridi, na mashine haijui mtu aliyeamka saa kumi alfajiri miaka ishirini na mbili kwenda kuwaosha wazee wa watu.

Mimi naitwa Charlesetta, ila hapa Belle Glade, Florida, ukiniulizia kwa jina hilo hutanipata. Sema Setta. Nimefanya kazi na Verdell miaka kumi na tisa kwenye nyumba ya wazee, sote wasaidizi. Msaidizi anaosha, anageuza, analisha, ananyanyua mtu kutoka kitandani mpaka kwenye kiti, na kutoka kwenye kiti mpaka chooni. Dawa hagusi, sindano hagusi, hata ule mpira wa oksijeni hagusi. Akiona jambo lolote lisilo la kawaida, kazi yake ni moja tu, kumwita nesi. Ukijitia kuligusa mwenyewe, kesho huna kazi. Nimewaona wawili wakiondoka hivyo, tena mmoja alikuwa amemwokoa mtu.

Verdell alitaka leseni ya nesi mdogo, yule anayesukuma toroli la dawa ukumbini. Msije mkadhani ni tamaa ya cheo. Ni mgongo. Pingili mbili za chini zilikuwa zimesagika, na daktari alimwambia waziwazi kwamba akiendelea kunyanyua watu mwaka mmoja zaidi, atakuwa yeye wa kunyanyuliwa. Ana miaka hamsini na nne, hana mume, na hajui kazi nyingine. Nesi wa toroli hanyanyui mtu. Basi ilikuwa leseni au kiti cha magurudumu, na mwenyewe alilijua hilo kuliko yeyote.

Shule aliimaliza, nyie. Mwaka mzima wa masomo ya jioni, huku anafanya kazi mchana, majivu ya miwa inayochomwa yakimwangukia kwenye madaftari akisomea barazani. Alipata cheti. Kilichobaki ni mtihani wa serikali, na hapo ndipo alipokwama.

Mara ya kwanza alianguka mtihani kanisa zima likijua. Kanisani kwetu Verdell ni mkuu wa akina mama wa huduma ya kwanza, wale wanaovaa nguo nyeupe, glavu nyeupe na kofia. Dada akishukiwa na Roho akaanguka, Verdell keshafika na shuka na kipepeo cha kumpepea. Hakuna leseni inayotakiwa kwa kazi hiyo, ila watu walishamzoea wakamwita Nesi Verdell, na watoto waliozaliwa wakimkuta na zile nguo hawajui kama ana jina lingine. Kwa hiyo Mchungaji alipotangaza kutoka mimbarani kwamba Nesi Verdell anakwenda kufanya mtihani wa unesi, kuna waliocheka wakidhani ni utani. Wiki mbili baadaye ikabidi atangaze kwamba tuendelee kumwombea. Mara ya pili ikawa vilevile. Watu wakamkumbatia mlangoni, mmoja baada ya mwingine, na yeye amesimama na glavu zake nyeupe anasema asante, asante. Mimi niliondoka kupitia mlango wa pembeni, sikuweza kutazama.

Kwetu Florida, ukianguka mara tatu mfululizo hawakuruhusu tena mpaka urudi darasani kwanza. Darasa lenyewe liko mwendo wa saa nzima, mchana, saa zilezile za kazi. Hilo lilimaanisha basi tena. Mara ya tatu hakumwambia mtu ila mimi, na laiti angeninyima hata mimi.

Tulikuwa tunasoma saa za mapumziko ya mchana, kwenye kile chumba chetu chenye mashine ya soda. Yeye anakula samaki wake wa kukaanga na uji wa mahindi uliokwisha poa, mimi nasoma maswali kutoka kwenye kitabu. Magonjwa anayajua. Dawa anazijua kwa rangi, kwa harufu na kwa madhara. Kidonda cha kulalia anakutajia kina siku ngapi bila kuinama. Nikawa najiuliza huyu anaangukaje. Mpaka nikamsomea swali la mzee aliyelala chali, midomo imeanza kuwa ya bluu, pumzi hazimtoshi. Ufanye nini kwanza? Majibu yalikuwa manne: umkalishe wima, umwite nesi mkuu, upime presha, au uandike kwenye faili.

"Nimwite nesi," akasema, bila hata kufikiri.

Nikamsomea lingine, la mama aliyezirai bafuni. Nimwite nesi. Lingine, la mgonjwa wa sukari anayetoka jasho na kutetemeka. Nimwite nesi. Nikafunga kitabu kwa kishindo.

"Verdell, nesi ni wewe! Unamwita nani?"

Akabaki na kijiko mkononi. Akanitazama kama nimemvua nguo. Mazoea yana taabu jamani. Miaka ishirini na mbili amefunzwa kwamba mkono wake hauna ruhusa, na sasa mashine inamuuliza mkono wako utafanya nini, naye anatafuta mwenye ruhusa. Mimi nikajiona nimegundua dawa ya ukimwi. Nikamwambia tangu leo, ukiona jibu linalosema mwite nesi mkuu, mwite daktari, mwite sijui nani, lipite. Usiliguse. Chagua linalosema fanya.

Alinipinga mara moja tu, na mara hiyo nitazikwa nayo. Alisema polepole, akichezea ukingo wa kitabu, "Lakini Setta, si kuna mambo nesi mdogo hana budi kumpelekea mkubwa wake? Mwalimu alituambia."

"Huyo mwalimu wako alishakufaulisha?" nikamjibu.

Akafunua ukurasa uliofuata. Mimi nani? Msaidizi kama yeye, sijawahi hata kukaa siku moja kwenye darasa la unesi. Lakini kimbelembele changu mnakijua, mdomo umetangulia na akili inafuata nyuma ikichechemea. Na kilichoniponza zaidi ni kwamba ilionekana inafanya kazi. Yale mazoezi ya kwenye kitabu, aliyokuwa anapata nusu, akaanza kupata maswali manane kwa kumi, tisa kwa kumi. Akawa anacheka. Siku moja alitembea ukumbini akivuta pumzi na kunong'ona, mkalishe wima, mpe juisi, inua miguu, na wazee wakamuuliza anasali nini.

Siku yenyewe nilimpeleka mimi, kwa gari langu, mpaka mjini West Palm. Alivaa sweta kwa ajili ya baridi ya kile chumba. Walimgeuza mifuko nje, wakamtazama nyuma ya masikio, wakachukua alama za kiganja chake kama mwizi, kisha mlango ukafungwa. Mimi nikakaa garini. Nilijaribu kusali nikashindwa, nikaishia kula mkate wote niliombebea yeye.

Ule mtihani hauna idadi moja ya maswali. Mashine inakupima, na ikisharidhika, ama kwa heri ama kwa shari, inazima. Yake ilizima mapema. Alitoka akitembea wima, mkono kiunoni, uso umemng'aa. Sijawahi kumwona mzuri namna ile, hata na nguo zake nyeupe.

"Sikumwita mtu hata mmoja," akaniambia.

Nikapiga honi kwa furaha mpaka mlinzi akanitazama vibaya.

Matokeo hayatoki siku hiyo, lakini watu wetu hawangoji. Kuna hila ambayo kila mwanafunzi wa unesi anaifahamu. Ukishafanya mtihani, unaingia kwenye simu unajifanya unataka kujiandikisha upya. Mashine ikikukatalia, ikakwambia huwezi, basi umefaulu. Ikikukubalia ikaomba namba ya kadi yako ya benki, ndiyo hivyo tena. Tuliegesha gari pembeni ya barabara, katikati ya mashamba ya miwa, kwa sababu hakuweza kusubiri kufika nyumbani. Akaandika jina lake, akaandika namba zake, akabonyeza.

Ikamkubali. Tena kwa adabu, ikamshukuru kwa kuwachagua, ikaomba namba za kadi.

Alisema labda mtandao ni mbovu. Akarudia. Ikaomba kadi. Akazima simu, akaiwasha, akarudia mara ya tatu, na mimi nashika usukani kwa mikono miwili wakati gari limesimama. Kisha akaiweka simu kwenye mapaja na kusema twende nyumbani. Maili thelathini aliitazama miwa ikipita dirishani, na mimi nikaendesha.

Baada ya wiki chache ikaja barua. Ukianguka wanakuletea karatasi inayoonyesha ulikuwa juu wapi na chini wapi. Aliileta kazini, akaikunjua kwenye meza yetu ya mapumziko, akainyoosha kwa kiganja. Usafi na faraja ya mgonjwa, juu ya kiwango. Kuzuia hatari, juu ya kiwango. Dawa, karibu na kiwango. Nikateremka mpaka sehemu iliyokuwa chini, na chini kabisa. Ilikuwa ya kugawana kazi, kujua lipi ni la nesi mdogo na lipi ni la kumpelekea nesi mkuu au daktari.

Nilisoma mara mbili. Kumbe yapo maswali ambayo kumwita mkubwa ndilo jibu lenyewe, ambayo nesi mdogo akijitia kuyafanya peke yake anaua mtu, na mwalimu alilisema, na Verdell alilikumbuka, na akaniuliza. Akaniuliza mimi! Mimi nikamziba mdomo kwa mzaha. Mara mbili alianguka kwa mazoea yake, na ya tatu nilimwangusha mimi kwa ujuaji wangu.

Nilitaka kusema hivyo. Nilifungua mdomo. Yeye akaweka kidole kwenye mstari ule, akakiacha pale.

"Nilifuata ulivyoniambia, Setta," akasema.

Hakusema kwa hasira. Laiti angenitukana, laiti angenirushia soda usoni, ningejua pa kushika. Alilisema kama anavyosema joto la mgonjwa, lipate kuandikwa. Nikamwambia nisamehe. Akasema nisamehe ya nini, maji yameshamwagika. Nikamwambia utarudi darasani, nitakushikia zamu, nitazungumza na wakubwa. Akaniuliza nitamshikia zamu ngapi, na mgongo nao nitamshikia? Aliikunja karatasi mara nne, akaitia mfukoni mwa koti la kazi.

Kengele ya chumba cha kumi na nne ikalia. Ni mzee Tolliver, mtu wa kilo mia na kumi, hatoki kitandani bila watu wawili. Mmoja anashika miguu, mwingine anashika mabega, na mabegani ndiko uzito uliko. Miaka yote Verdell ndiye wa mabegani, kwa sababu anamwelewa mzee na mzee hamwogopi. Nikamwambia leo niachie mimi, nikamwomba, nikamshika hata mkono.

"Wewe shika miguu," akasema, akaingiza mikono yake chini ya makwapa ya mzee, akamuuliza kama amelala vizuri.

Nikashika miguu. Tukahesabu mpaka tatu tukanyanyua, na nikamsikia akiguna.