Mkwe Anayeachia Vikombe Hewani

Mkwe wangu Rodion alirudi kutoka angani na tabia moja mbaya: kuachia vitu hewani. Anakunywa chai, akitosheka anakiachia kikombe palepale mbele ya uso wake na kuendelea na mazungumzo, akiamini kitamsubiri. Huko juu vitu husubiri. Nyumbani kwetu, ghorofa ya nne, havisubiri.

Na mtu asinitishe kwa nishani zake za angani. Katika mji wetu huu wa wanaanga, nje kidogo ya Moscow, kwenda angani si habari. Jirani wa juu kesha kwenda, wa chini anangoja zamu. Rodion ni mtoto wa dereva wa trekta wa Saratov. Alimwoa Taisiya wangu akiwa rubani mwembamba mwenye masikio makubwa, kisha akakaa miaka tisa akiwa wa akiba. Anazungushwa kwenye mashine mpaka anatapika, halafu siku ya safari anapanda mwenzake.

"Umeolewa na mchezaji wa benchi," nilimwambia binti yangu.

Mvumilivu hula mbivu. Zamu yake ilipofika, Taisiya alikuwa mjamzito.

Chomboni hutundikwa kidoli kwa uzi mbele ya rubani. Kikianza kuelea, wanajua uzito umekwisha. Wenzake hutundika dubu. Yeye aliniomba nimfumie soksi ya mtoto. Niliiona kwenye televisheni ikielea, nikalia, sikatai.

Huko alikaa nusu mwaka. Alilala ndani ya mfuko uliofungwa ukutani, kijiko chake kikapotea mpaka akakikuta kimenasa kwenye tundu la hewa, akarefuka hata nguo zikambana. Binti yao Ustinya alipozaliwa, walimwonyesha baba yake kwenye skrini. Rodion alilia, na machozi yakakataa kudondoka, yakamganda jichoni kama uji.

Basi alipofika nyumbani na kuvunja vikombe vyangu viwili siku ya kwanza, nikatoa amri: mtoto hashiki.

"Mama, ni mwanangu."

"Na vikombe vilikuwa vya marehemu mama yangu. Ulivionea huruma?"

"Nitakuwa mwangalifu."

"Hata kile cha pili ulisema hivyohivyo."

Nikafunga kabichi kwenye shali, nikampa. "Lea hii kwanza."

Akazunguka nayo nyumba nzima, akaibembeleza, akaiimbia, Taisiya akicheka mpaka akakaa chini. Siku ya pili simu ikalia. Akaiachia kabichi hewani ili apokee, nayo ikabingiria hadi mlangoni. Safari hii hakuna aliyecheka. Alisimama akiitazama, na uso wake uliniuma moyoni. Lakini amri ni amri. Kabichi nikaipika supu.

Jumamosi Taisiya alitoka kwenda dukani. Mimi nilikuwa nakanda unga wa mikate ya nyama, mikono imezama, Ustinya akaanza kulia. Akalia mpaka akawa mwekundu.

"Mama," Rodion akasema akiwa kando ya kitanda cha mtoto, "nimchukue?"

Nikaitazama mikono yangu. "Kaa chini kwanza."

"Nimeshakaa."

"Basi mchukue. Na usiongee na mtu."

Mtoto akanyamaza. Ndipo kengele ikalia, akaingia jirani yetu Prokhor, mwanaanga mstaafu aliyewahi kumvunjia mkewe birika tatu. Hajui kuketi bila chai. Akajimiminia, akammiminia na Rodion, tena kwenye kikombe cha mwisho cha mama yangu.

"Hebu niambie," Prokhor akasema, "lile dirisha la chomboni, la upande wa kushoto, bado linaota ukungu?"

"Prokhor, mwache," nikasema.

Nilichelewa. Rodion alikuwa amekwisha kunywa, anaeleza dirisha, macho yanang'aa. Nikaviona vidole vyake vikifunguka hewani, taratibu, kwa imani yote.

Kikombe kikapasuka sakafuni. Nilifumba macho, nikasubiri kishindo kingine. Hakikuja.

Nilipofumbua, mkono mmoja ulikuwa mtupu. Mwingine ulikuwa umemzunguka Ustinya kifuani, umekaza mpaka mishipa imesimama, na mtoto anamtafuna baba yake kifungo cha shati.

Nikaruka vipande vya kikombe, unga hadi kwenye viwiko.

"Nipe mtoto, Rodion. Umwachie."

"Hapana, mama," akasema.

Nikaenda kuchukua ufagio.