Mnadi wa Kuku Alipopewa Kuuza Unga

Kuna siku moja, mwanangu, ambayo kila nikiikumbuka moyo hunidunda upya. Ni siku niliyoona soko zima likifunga milango kwa sababu ya gari letu.

Nimeikumbuka juzi uliponipigia simu ukaniambia kwamba biashara yako ya mtindi imekua, kwamba wauzaji wako sasa ni wengi kuliko unavyoweza kuwafuatilia, na kwamba unatafuta mtu mkubwa wa kusimamia masoko. Ulicheka ukasema umeshampata, tena mtu ambaye akifungua mdomo chumba kizima hunyamaza. Mimi sikucheka. Ulipokata simu nilibaki nimeishika tu. Basi tulia usome, na kama chai yako itapoa, ipoe.

Ilikuwa miaka ya tisini ikielekea kuisha. Nilikuwa msichana mwenye kazi yake ya kwanza, karani wa oda katika kiwanda kidogo cha unga wa uji hapa mjini Machakos. Mwenye kiwanda alikuwa mjane tuliyemwita Mama Mutheu. Alianza kwa kusaga wimbi na mtama nyuma ya nyumba yake, akipima kwa mkebe. Kufikia wakati ninaousimulia alikuwa na mashine mbili na pickup mbili, na unga wake ulifika hadi Yatta, Wamunyu, na Masinga karibu na mto Tana. Kwenye kila pakiti kulikuwa na picha ya mama yake mzazi, marehemu Kavindu, amefunga kitambaa kichwani, na jina lake chini. Watu dukani hawakusema nipe unga wa uji. Walisema nipe Kavindu.

Sasa kampuni kubwa za Nairobi zikaanza kuleta unga wao huku, zikitangaza redioni kutwa. Mama Mutheu aliona kwamba mwenyewe hawezi tena. Alihitaji meneja wa masoko, mtu wa kukaa juu ya wauzaji wote na kuamua tuuze wapi, vipi na kwa nani. Siku tuliyotayarisha viti vya mahojiano aliniambia, "Nthenya, nikikosea hapa, mama yangu atakufa mara ya pili." Hakuwa anatania.

Walikuja watu kadhaa na vyeti vyao. Mmoja ninamkumbuka kuliko wote, mwanamke aitwaye Syombua, aliyekuwa ameuza sabuni kule Yatta kwa miaka mingi. Yeye alikuja na maswali. Kabla hata hajaulizwa alikofanya kazi, alisema, "Samahani, mama. Mtu akinunua pakiti ya kwanza, huwa anarudi kuchukua ya pili baada ya muda gani?"

Tuliangaliana. Hakuna aliyejua. Syombua akangoja, akatabasamu kidogo, akauliza lingine, nalo likatushinda. Alipotoka nje Mama Mutheu alivuta pumzi akasema, "Huyu amekuja kuandikwa kazi ama amekuja kutuandika sisi?" Tukacheka sana, na jina lake tukalikata.

Jumapili iliyofuata kulikuwa na harambee ya paa la kanisa. Wewe umekulia kwenye harambee hizo, unajua zinavyokwenda. Waumini wasio na pesa huleta kuku, malenge, ndizi, na mnadi husimama mbele kuviuza. Mnadi wetu alikuwa Bwana Mulwa, mzee wa kanisa, mwalimu aliyestaafu mapema, mwenye sauti iliyojaa ukumbi bila kipaza sauti. Siku hiyo alimshika jogoo mmoja mkondefu, akamtembeza katikati ya viti.

"Huyu jogoo ameniambia atalala kwa Bwana Mutiso leo! Ama Bwana Mutiso, nimwambie umemkataa mbele ya mchungaji?"

Watu wakaangua kicheko. Mutiso akasimama, akamnunua kwa bei ya mbuzi, kisha, kama ilivyo desturi, akamrudisha ili auzwe tena. Mulwa akamgeukia mwingine, naye akanunua, akarudisha. Jogoo yule yule aliuzwa asubuhi nzima, na jioni akarudi kutembea uani kwa mchungaji.

Mama Mutheu alinishika mkono kwa nguvu hata ukaniuma. "Unaona huyo mtu? Kama jogoo mwenye mifupa anamuuza hivyo, unga wa Kavindu si ataumaliza?"

Jumatatu Bwana Mulwa alipewa ofisi, meza mpya na ufunguo wa pickup. Hakuna aliyemuuliza swali hata moja. Kwani tungemuuliza nini? Tulikuwa tumejionea kwa macho yetu.

Na kweli aliuza! Mwezi wa kwanza mashine zilisaga hadi mkanda wa moja ukakatika. Pickup zilitoka zimejaa na kurudi tupu. Mama Mutheu alitoa shukrani kanisani, sisi tukapongezwa kwa soda. Nilikwenda na Bwana Mulwa mara moja siku ya soko huko Wamunyu, nikaona alivyofanya kazi. Alisimama juu ya pickup na kipaza sauti, wachonga vinyago wakatoka vibandani kuja kumsikiliza. "Duka la hapa kulia limechukua katoni tano! Na wewe jirani yake, kwako watoto hawanywi uji?" Umati ukacheka, mwenye duka naye akacheka huku jasho likimtoka, akachukua katoni saba asionekane mnyonge. Akalipa papo hapo. Nilipiga makofi hadi viganja vikawasha.

Halafu simu ya oda ikanyamaza.

Mwanzoni nilidhani laini imekatika. Nilikuwa nikiinua kile kidude kila mara kusikiliza kama kinalia. Kilikuwa kinalia vizuri tu. Wenye maduka waliokuwa wakitupigia kila wiki kuomba katoni moja, au nusu katoni, hawakupiga. Bwana Mulwa alisema ni kiangazi, watu wamebana matumizi. Mama Mutheu akamwitikia, lakini nilimwona usoni hajatulia. Asubuhi moja alikuja na viatu vya safari akasema, "Twende Kithyoko tukaone."

Tulimwacha Bwana Mulwa ofisini. Pickup yetu ilikuwa na picha kubwa ya Kavindu ubavuni, huwezi kuikosea. Tulipoingia sokoni Kithyoko, jua lilikuwa kali na watu wako nje wanaongea. Kisha nikasikia mlango wa bati ukifungwa. Nikasikia mwingine. Nikaangalia mbele, nikaona mwanamke akiingiza viti vyake vya plastiki haraka haraka, mwingine akimvuta mtoto ndani, na makomeo yakifungwa duka baada ya duka, upande huu na upande ule. Tulifika katikati ya soko hakuna duka lililo wazi. Mwanangu, nilibaki mdomo wazi. Sijaona kitu kama hicho tena maishani mwangu.

"Aiya! Nani amekufa?" Mama Mutheu akauliza. Alidhani kuna msiba, na kwamba watu wanafunga kwa heshima ya jeneza lililo njiani. Alianza hata kuvua kofia yake ya jua.

Mwenye duka mmoja tu ndiye aliyechelewa kufunga, kwa sababu mguu wake mmoja ulikuwa mbovu. Alikuwa mfanyabiashara kutoka Murang'a aliyekuwa ameishi Kithyoko miaka mingi, wakimwita Baba Njeri. Mama Mutheu alimfikia akiwa bado anahangaika na kufuli.

"Baba Njeri, kuna nini? Mbona mnafunga?"

Yule mzee akatazama chini. "Mama, tunafungia nyinyi."

"Sisi?"

"Nyinyi. Tukiona hiyo gari tunajua mmekuja kutuaibisha tena. Ingia, nikuonyeshe kitu, ndio usifikiri niko na roho mbaya."

Alitupeleka stoo ya nyuma. Katoni zetu zilikuwa zimepangwa hadi zikagusa paa, nyingi hazijafunguliwa. Akatoa pakiti moja akampa Mama Mutheu. Niliona uso wa Kavindu ukitikisika. Nilidhani ni mkono wa Mama Mutheu unaotetemeka, kumbe ni wadudu. Walikuwa wametoboa karatasi, wanatoka kwenye kitambaa cha yule mama na kutembea juu ya macho yake. Nilipiga ukelele. Mama Mutheu aliwapangusa kwa kidole, taratibu, na wengine wakatoka.

"Mimi nilikuwa nauza katoni moja kwa wiki," Baba Njeri akasema. "Hiyo ilikuwa inaisha vizuri, na mama wa hapa walikuwa wanaipenda. Huyo mtu wako akanisimamisha mbele ya soko yote akaniuliza kama napenda watoto. Ningesema nini? Kanisani nitatoa, hiyo ni ya Mungu. Lakini mama, mimi niko na duka, siko na kanisa. Juzi mama mmoja alirudisha pakiti, alipata mdudu kwa kikombe ya mtoto. Tangu hiyo siku hakuna mtu anataka hiyo sura kwa duka yake."

Mama Mutheu aliketi juu ya katoni. Nilimsikia akisema "Mwaitu" kwa sauti ndogo, kama mtoto anayemwita mama yake, na hakumaanisha mimi wala mtu mwingine aliyekuwa hai.

Njia nzima ya kurudi nilikuwa nikimkasirikia Bwana Mulwa. Nilijiandalia maneno. Nilitamani afukuzwe mbele yetu sote, na vile ninavyopenda kuona mkosaji akisutwa, nilisimama karibu na mlango wa ofisi nisikose hata neno. Mama Mutheu akamwekea pakiti ile mezani na kumweleza tuliyoyaona.

Bwana Mulwa aliigeuza pakiti mikononi. Nilitegemea ajitetee kwa sauti yake ile. Badala yake alisema polepole, "Mama Mutheu, ulinichukua kwa kitu uliona nikifanya. Nikakifanya vile vile, kwa nguvu yangu yote. Kama ulikuwa unataka kingine, mbona hukuniambia? Hata swali moja hukuniuliza."

Niliyasahau maneno yangu yote. Mama Mutheu, aliyekuwa na wafanyakazi wa kutosha kujaza lori, akasimama, akampa mkono na kusema, "Nisamehe, Mulwa. Nilikupa kazi bila kujua kazi yenyewe ni nini." Nilikuwa sijawahi kusikia mwajiri akimwomba mfanyakazi msamaha. Nilishtuka kuliko nilivyoshtuka Kithyoko.

Walitengana kwa amani, na Bwana Mulwa akaendelea kulinadia kanisa kuku wake hadi uzeeni. Sisi tulianza kumtafuta Syombua. Tulimpata mapema kuliko tulivyotarajia. Alikuwa akishuka kwenye gari la mmoja wa washindani wetu wa Nairobi, akisimamia eneo lote la Ukambani. Alitusalimia kwa adabu, akamuuliza Mama Mutheu hali ya kazi. Mama Mutheu akajibu kwamba kazi iko sawa, akapanda gari, akalia hadi nyumbani.

Baadaye alipata mwingine, mwanamume mtulivu, lakini safari hii hakufanya haraka. Aliandamana naye hadi kwenye maduka ambayo mtu huyo alikuwa akiyauzia zamani, akasimama kando atazame. Alitaka kuona wenye maduka wakimwona mtu huyo wanaonyesha uso gani. Tulikusanya unga wote ulioharibika, tukauchoma nyuma ya kiwanda, na moshi wake ulikuwa na harufu ya uji. Wamunyu walitusamehe mwaka uliofuata. Yatta ilichukua muda zaidi. Kithyoko hatukuuza tena. Mama Mutheu amefariki akiwa hajauza hata pakiti moja huko, na aliwahi kuniambia kwamba katika biashara yake yote hakuna kingine alichojutia.

Sasa wewe, mwanangu. Sisemi huyo uliyempata ni mbaya. Huenda ni mzuri ajabu. Ninachokuuliza ni kama unajua unamtakia nini. Kuna kipaji cha kumfanya mtu atoe pesa leo kwa kuona haya, au kwa kuchekeshwa, au kwa sababu jirani anamtazama. Na kuna kipaji kingine kabisa, cha kumfanya mtu yule yule arudi wiki ijayo peke yake, hakuna anayemwita. Biashara inayokua huishi kwa hicho cha pili, na cha pili hakipigiwi makofi. Kabla hujaweka sahihi, kaa chini umwambie kazi yenyewe ni ipi, na akikuuliza maswali yanayokuudhi, usimcheke kama tulivyocheka sisi. Nenda kwa watu aliowauzia, wala si kwa mabosi wake. Mabosi watakupa hesabu za mwaka. Wenye maduka watakuonyesha stoo. Na ukishamwajiri, usijifungie ofisini na soda za pongezi. Pitia madukani mwenyewe mara kwa mara, uangalie kama milango iko wazi.

Ukikosea hata baada ya hayo, kwa kuwa wanadamu hukosea, mwombe msamaha uliyemkosea kabla hujamtafuta wa kumlaumu.

Mungu akupe macho ya kumtambua anayefaa na ulimi wa kumweleza unachotaka. Akulinde na haraka. Mtindi wako uishe madukani kabla haujachacha, na akina mama wawatume watoto wao kuununua kwa jina lake, hata siku ambayo wewe na mimi hatutakuwepo kulisikia.