Ufa Chini ya Visima

Ofisini walimwita Bi Mkali, naye hakuwalaumu. Nani asingekuwa mkali, akiulizwa jambo lilelile kila siku ya Mungu? Kazi yake ilikuwa kuunda, ndani ya kompyuta, mfano wa mwamba ulio chini ya visima vikuukuu vya mafuta, kisha kuujaribu: tukishindilia gesi huku, mafuta yaliyobaki yatasukumwa yatokee kule? Kompyuta ilishajibu. Mwamba una ufa. Gesi itakimbilia kwenye ufa, ichomoze kwenye kisima cha jirani, na mafuta yabaki yamelala palepale.

Mkuu wake hakutaka kusikia. Kila asubuhi aliegemea mlango, kikombe mkononi, akiuliza kama huo ufa hauwezi kupunguzwa kidogo. Kidogo! Kana kwamba ni chumvi. Siku moja akamkumbusha kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, akacheka peke yake mpaka chai ikamwagika. Bi Mkali alitamani kumrushia kibodi.

Angeshikilia msimamo wake, lakini kulikuwa na mdogo wake wa kiume, fundi wa pampu kwenye visima hivyohivyo. Bila mradi wa gesi, visima vingefungwa. Kila mchana alipiga simu: dada, mmefikia wapi? Hakuomba lolote, na hilo ndilo lililomkera zaidi, maana asiyeomba utamnyimaje?

Basi akaufuta ufa kwenye mfano, akaandika ripoti. Hapohapo mafuta yakapanda kwenye mchoro, mkuu akapiga makofi, na mradi ukapita. Bi Mkali alijiambia, akiwa ameikasirikia dunia nzima, kwamba gesi haitafika kisima cha jirani kabla ya mwaka kwisha. Mwaka mzima wa mshahara si haba, kijana atajipanga.

Jioni ile mdogo wake akaja nyumbani na mkewe, nyuso zinang'aa. Alikuwa na habari ambayo hata hakuwahi kumdokezea: kiwanda cha saruji kilimpa kazi ya kudumu, naye leo amewakatalia.

"Umewakatalia? Una wazimu?"

"Dada, ripoti yako imesema visima bado vina maisha. Sasa nihamie saruji nikatafute nini?"

Wifi yake alikuwa ameushika mkono wake kwa mikono miwili, akimshukuru. Bi Mkali akautoa taratibu.

"Kaeni chini," alisema. "Ile ripoti ni ya uongo, na niliyeiandika ni mimi."