Koti la Fundi Saa

Katika mtaa mzima hapakuwa na mtu aliyepiga pasi vizuri kuliko yeye, na hapakuwa na mtu aliyevaa nguo zilizokunjamana kuliko yeye. Kwa sababu hiyo watu walimwita Mikunjo. Jina hilo lilianza kwa mzaha wa mke wake, ambaye jioni moja alimtazama akifunga mlango wa kibanda chake cha udobi, akasema kwa sauti iliyosikika hadi ng'ambo ya barabara kwamba yeye hakuolewa na mwanamume, aliolewa na mikunjo. Majirani walicheka, wateja wakalidaka, na haikuchukua muda hata watoto wakawa wanamwamkia, "Shikamoo, Mjomba Mikunjo." Naye aliitikia marahaba bila kinyongo. Alikuwa na maelezo yake: mkaa wa pasi huwaka kwa ajili ya nguo zilizolipiwa, na yeye hakuwahi kujilipa.

Kibanda chenyewe kilikuwa chumba kimoja chenye dirisha pana lililotumika kama kaunta. Ndani palikuwa na meza ya kupigia pasi iliyotandikwa blanketi kuukuu, beseni la maji, pasi za mkaa zilizopokezana zamu, na kamba mbili zilizovutwa kutoka ukuta hadi ukuta. Kamba ya mbele ilibeba nguo za wateja wa wiki hiyo. Ya nyuma ilibeba nguo zilizokaa. Kila dobi anazijua nguo za aina hiyo: wenyewe wamehama, wamenenepa, wamesahau, au wamefariki. Mikunjo alizitia alama kwa uzi ndani ya ukosi. Uzi mwekundu ulimaanisha kwamba mwenye nguo yupo na atakuja. Uzi mweupe ulimaanisha kwamba hakuna tena wa kusubiriwa.

Nguo za uzi mweupe zilikuwa na kazi yake. Kila mwaka, siku moja kabla ya sikukuu, alizifua upya, akazinyoosha, akazihamishia kamba ya mbele, zikachanganyika na za wateja. Kisha aliwaita dirishani watu aliojua kwamba watapitisha sikukuu ndani ya nguo zao za kazi. Hakusema kwamba anawapa kitu. Aliwaambia kwamba nguo yao iko tayari. Mtu akishangaa na kusema hakuleta nguo yoyote, Mikunjo alimjibu kwa ukali kidogo kwamba aliileta, ila amesahau, na kwamba kibanda hiki si ghala la kuwekea watu mizigo. Basi mtu aliondoka na furushi kwapani kama mteja mwingine yeyote, na hakuna jirani aliyejua nani amepewa na nani amelipa.

Mwaka mmoja, mtu wa mwisho kuitwa alikuwa msukuma mkokoteni wa sokoni, aliyejulikana kwa jina la Sinabreki kwa sababu ndivyo alivyopiga kelele kila aliposhuka mteremko na mzigo. Binti yake alikuwa ameolewa, na wazazi wa mkwewe walikuwa wamemwalika chakula cha mchana siku ya sikukuu. Haikuwa mara ya kwanza kumwalika. Kila mara alituma udhuru: leo mguu, kesho mafua, keshokutwa gurudumu la mkokoteni. Ukweli ni kwamba hakuwa na nguo ya kukalia kwenye makochi ya watu, na aibu ilimzuia kusema. Matokeo yake, binti alikuwa ameanza kuamini kwamba baba yake hampendi mumewe. Safari hii alikuwa ametuma ujumbe kwamba, asipofika, hatamwalika tena.

Mikunjo alipitisha macho kwenye nguo zilizokaa, akaona koti la kijivu la kitambaa kizito, akachungulia ukosi. Uzi ulikuwa mweupe, na kwa haraka za mkesha hakujiuliza zaidi ya hapo. Akalipitishia pasi, akamwita Sinabreki, akamwambia koti lake liko tayari.

"Koti langu mimi?" Sinabreki alicheka. "Kaka, mimi koti langu ni jasho."

"Chukua, usinijazie kibanda."

Asubuhi ya sikukuu, mke wa marehemu fundi saa alifika dirishani. Mumewe alipofariki, koti lake lilikuwa kwa Mikunjo, limeletwa kufuliwa. Mama yule hakuwa na moyo wa kulirudisha nyumbani. Aliomba lisubiri kidogo, na kila alipopita alilitazama kwa mbali, akaomba lisubiri kidogo tena. Mikunjo hakulalamika. Kila mwezi alilitoa, akalipiga brashi, akaufuta ukosi kwa kitambaa chenye maji, akalianika juani ili nondo wasilisogelee. Siku hiyo mama alikuja akiwa amechangamka kidogo. Alieleza kwamba watoto wake wako mbali na hawataweza kuja, na kwamba hataki tena kula chakula cha sikukuu akitazama ukuta mtupu. Alikuwa amekwisha kupigilia msumari.

Mikunjo aliigeukia kamba ya nyuma, na koti la kijivu halikuwapo. Hapo ndipo alipoelewa. Uzi wa koti lile aliutia yeye mwenyewe, tena mwekundu wa kukoza. Lakini ni yeye huyo huyo aliyeufuta kwa maji na kuuanika juani mwezi baada ya mwezi, mpaka rangi ikatoka yote. Alilitunza koti hadi akaifuta alama iliyolilinda.

Hakutafuta uongo. Alimweleza mama yote, mwanzo hadi mwisho, akiwa ameinamisha kichwa. Mama akauliza ni nani aliyelichukua. Alipotajiwa Sinabreki, akauliza kama ni yule anayepiga kelele. Mikunjo akakiri kwamba ndiye, akaahidi kukimbia amuwahi kabla hajaondoka. Mama akasema wataenda pamoja. Mke wa Mikunjo, aliyeachiwa kibanda, aliwasindikiza kwa maneno: mwanamume asiyejua kutofautisha rangi mbili, alisema, ashukuru kwamba hakukosea mke siku ya harusi.

Njia nzima Mikunjo alikuwa akijiuliza jambo moja. Mtu unamvuaje koti mbele ya majirani zake, asubuhi ya sikukuu? Na usipomvua, unamtazamaje usoni mjane aliyekuamini?

Walimkuta Sinabreki uani, katikati ya vyumba vya kupanga, akigeuka taratibu kama mtu anayepimwa kwa fundi. Majirani walikuwa wamekaa vizingitini na vikombe vyao vya chai. Mmoja alimuuliza kama amepata uwaziri. Mwingine alisema asicheke sana, vifungo vitashtuka, havijamzoea. Sinabreki alicheka kuliko wote. Chini ya koti lile zuri alivaa suruali yake ya kazi, yenye kiraka cha rangi nyingine gotini.

Mikunjo alifungua kinywa. Mama akamgusa mkono, naye akakifunga.

Mama alimsogelea Sinabreki, akamtazama kuanzia ukosi hadi pindo. "Vuta bega la kushoto kidogo," alisema. "Hilo huwa linapanda."

Sinabreki alilivuta, na koti likakaa sawasawa. "Umejuaje, mama?"

"Makoti ya kitambaa hiki yote yana tabia hiyo."

Kisha alimwagiza asiondoke kwanza, apitie kibandani kwa Mikunjo. Walipotoka uani, Mikunjo alianza kuomba radhi upya, lakini mama akamkatiza.

"Nilikuwa nakwenda kulitundika ukutani," alisema. "Ukuta hauna mahali pa kwenda leo. Yeye anapo. Ahsante kwa kukosea, kaka." Akakata kona ya kwake, akiharakisha.

Alirudi kibandani na suruali ya kijivu mkononi, iliyokunjwa vizuri na kunukia sabuni ya sandukuni. Sinabreki alikuwa amekwisha kufika. Akapewa suruali, akaonyeshwa nyuma ya pazia la pembeni. Alipotoka, ilionekana wazi kwamba marehemu fundi saa alikuwa mrefu kuliko watu walivyokumbuka, maana suruali ilimfunika viatu vyote, ikabaki na ya kufagilia. Mke wa Mikunjo aliangua kicheko. Sinabreki mwenyewe hakucheka. Alitazama mkono wa koti, akatazama mguu wa suruali, akamtazama mama.

"Hizi ni nguo za mtu mmoja," alisema polepole. "Ni za mzee wako." Vidole vyake vikaenda kwenye vifungo.

"Funga vifungo, baba," mama alimwambia. "Binti anakusubiri."

Sinabreki aliviacha vifungo. Akamuuliza mama yeye leo anakula na nani. Mama alijibu kwamba amepika kidogo, chakula cha mtu mmoja hakina kazi.

"Basi nisaidie jambo moja tena," alisema Sinabreki. "Huko ninakokwenda kuna wajomba na mashangazi sebule nzima, na upande wa binti nipo mimi peke yangu. Twende uwe shangazi."

"Shangazi wa upande gani?"

"Wa upande wa koti."

Mama yule alicheka mpaka akashika meza. Hakusema ndiyo, lakini alianza kuitazama kanga yake, na jibu likaonekana. Mke wa Mikunjo, ambaye hakupenda kuachwa nyuma katika jambo lolote, aliuvua mtandio wake mpya wa sikukuu, akamtupia begani, akisema shangazi haendi kwa wakwe na kitambaa cha jikoni. Alipoambiwa aubakize, akajibu kwamba ameolewa na mikunjo, hakuna atakayemtazama yeye.

Ilibaki suruali. Sinabreki alirudishwa nyuma ya pazia, akajifunga shuka kiunoni, akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa na koti lake mwilini, akiuliza kila mara kama bado. Mikunjo alivaa miwani, akapima upindo kwa vidole, akatunga sindano karibu na dirisha penye mwanga. Alishona mguu wa kwanza, kisha wa pili, mishono midogo isiyoonekana kwa nje, huku wanawake wawili wakibishana kuhusu namna ya kufunga mtandio. Alipofika mwisho alifunga fundo, akakata uzi kwa meno, akaupitishia upindo pasi ya moto. Akaikunja suruali mara moja, akanyoosha mkono juu ya pazia na kuikabidhi.