Magogo ya Bure

Nilikwenda Guangzhou mwishoni mwa miaka ya tisini kwa ufadhili wa masomo ya historia, na mwalimu wangu akanipa mada ambayo hakuna mtu wa kwetu angeichagua: gharama za kuzipatia makazi familia za Wami'kmaq, wenyeji wa pwani ya mashariki ya Kanada, zama za ukoloni wa Waingereza. Yeye alisoma huko, akarudi na sanduku la fotokopi za barua za maofisa. Sura ya gharama isipokubaliwa kufikia Ijumaa, ufadhili unakatwa na mimi narudi nyumbani mikono mitupu. Nilikuwa sili, silali.

Nikachora jedwali. Mbegu za viazi, shoka, mablanketi, misumari: kila kimoja na bei yake. Magogo ya kujengea, mawe, samaki wa mtoni: bure, kwa kuwa vilipatikana palepale. Nilijiona mjanja kweli.

Jumatano mchana nilikuwa nalo mgahawani, barabara ya Huanshi Zhonglu, akaja kuketi mama mmoja wa Unguja, mfanyabiashara wa nguo niliyekuwa nikimsaidia kutafsiri kule soko la nguo la Shahe. Alikuwa amefura.

"Laoban mwenye duka ananambia meiyou, hana mzigo, na mie nauona kwa macho yangu! Haya, mwanangu, na wewe unaandika nini hata umekonda hivyo?"

Nikamsomea. Akasikiliza huku akipuliza supu.

"Hayo magogo, msitu wa nani?"

"Wao wenyewe, mama. Kabla ya kunyang'anywa."

"Basi bure gani hiyo? Mtu anivue kanga yangu, kisha anikatie kipande anipe, nimwambie ahsante?"

Niliona aibu. Maana mimi ni mtoto wa kuhamishwa. Tulipopelekwa kijiji kipya, huko bara, mama yangu aling'oa nguzo za nyumba yetu akazibeba kichwani, na afisa akaandika kwamba vifaa vya ujenzi vinapatikana hapohapo. Baba alilisimulia hilo kwa hasira hadi anafariki. Nami nilikuwa nimekaa Uchina nikiwaandikia wenzetu vilevile.

Siku hiyohiyo nikafuta "bure", nikaandika "mali yao". Alhamisi mwalimu akalisoma jedwali, akavua miwani. Hakufoka. Alisema barua hazisemi hivyo, na jopo la kuipitisha sura litauliza ushahidi uko wapi. Nikamtajia nguzo za mama. Akasema, kwa upole, kwamba mama yangu si hati.

Nilitembea barabarani mpaka miguu ikauma. Nilimlaani mwalimu, nikawalaani maofisa, nikajilaani mwenyewe. Kisha nikawakumbuka wadogo zangu wanne waliokuwa wakinitegemea, nikaingia chumba cha kompyuta na kurudisha "bure" kote.

Ijumaa sura ikakubaliwa. Nikapiga simu kwa jirani yetu, mama akaitwa. Alipiga vigelegele, kisha akauliza nimeandika nini hasa. Nikamwambia ni mambo ya Wazungu tu, hayamhusu.