Ngazi Iliyolala Chumbani kwa Mzazi

Loti mwanangu, siku ile naikumbuka vizuri kuliko jana, na leo nakusimulia kwa sababu Jumapili uliniudhi. Nilikuja kwako Lemara kumwona mkeo na mtoto. Nikakukuta umefungua hita ya chumbani, waya zinaning'inia, mkeo amejifunika mablanketi, kichanga kiko kifuani. Simu ikalia. Hoteli moja mjini, maji ya moto hayatoki, wageni wanalalamika. Ukasema, "Bibi, narudi sasa hivi," ukabeba begi lako la vifaa, ukapanda pikipiki ukaondoka. Mpaka napanda gari la kurudi huku kwangu Poli hukuwa umerudi. Basi kaa hapo, usiniangalie hivyo, unisikilize.

Ilikuwa bado enzi za Mwingereza. Mwezi wa saba, huku mlimani Meru, ukungu ulishuka mpaka ndani ya migomba ukakaa humo kutwa. Babu yako alikuwa mwashi katika shamba la kahawa la mzungu mmoja, juu kidogo ya kwetu. Kazi aliyosifiwa nayo ni meko ya ukutani, yale yenye dohani ya kupandishia moshi mpaka juu ya paa, maana wazungu nao walisikia baridi kama sisi. Alipojenga nyumba yetu ya matofali na bati, akajenga meko kama hayo chumbani kwetu. Watu walicheka. Walisema amejifanya mzungu shambani kwa baba yake. Mimi nilijivuna, sikufichi.

Chumbani humo ndimo nilimojifungua baba yako, Anaeli. Alizaliwa kabla ya wakati, kadogo, hata kulia alilia kwa kujikaza. Mkunga alituachia neno moja tu, moto usizimike. Na mila yetu unaijua. Mzazi anakaa ndani miezi yake, analetewa mtori, hapigwi na ukungu, na mwanamume asiye mume wake havuki kizingiti cha chumba chake. Hata mchungaji alituombea akiwa amesimama nje. Mama mkwe wangu alikuwa amehamia kwetu ili anitunze, na nyumba yake ya zamani ya nyasi, ile ya kulala na ng'ombe, tulishaibomoa. Joto letu lote lilikuwa kwenye meko yale.

Sasa asubuhi moja upepo ukavunja tawi kubwa la mti wa kivuli cha kahawa, likaangukia dohani. Matofali yakaporomoka ndani, moshi ukaturudia chumbani. Anaeli akaanza kukohoa. Ikabidi tuumwagie moto maji. Nikamweka kifuani, ngozi kwa ngozi, tukafunikwa kila nguo iliyokuwamo ndani, na bado nikishika miguu yake ilikuwa ya baridi. Niliogopa, mwanangu. Sijawahi kuogopa vile tena.

Babu yako akaegemeza ngazi ukutani, akapanda juu ya bati, akaanza kuchomoa matofali yaliyoziba. Hajafika mbali, akaingia uani Zakaria, nyapara wa shamba la mzungu. Mmeru mwenzetu yule, kwao ni ng'ambo ya kijito tu, lakini ukimpa kofia ya shamba na fimbo alisahau mama yake anaitwa nani.

"Wewe, shuka!" akapaza sauti. "Bwana ana wageni kutoka Nairobi na meko ya sebuleni yanarudisha moshi. Anakutaka sasa hivi!"

Nikiwa kitandani nikasikia bati linalia. Babu yako alikuwa anashuka. Simlaumu sana. Siku zile mzungu akiita, miguu ya mtu iliondoka kabla mwenyewe hajaamua. Lakini mama mkwe wangu alikuwa uani, na yeye miguu yake haikuwa na mazoea hayo.

"Zakaria," akasema, "umeanza lini kuingia nyumbani kwa watu bila salamu?"

"Shikamoo, mama. Lakini bwana..."

"Marahaba. Huyo bwana wako hana blanketi?"

Mama mkwe akamgeukia mwanawe aliyekuwa anatafuta ngazi kwa mguu. "Na wewe, ukikanyaga chini kabla moto haujawaka, mtafute mama mwingine."

Kisha akaiondoa ngazi. Mwanamke wa umri ule! Akaiburuta mpaka ndani, akailaza sakafuni ubavuni mwa kitanda changu, akaniambia, "Ishike hii." Akarudi nje kukanda udongo, akawa anaujaza kwenye ndoo na babu yako anaivuta juu kwa kamba.

Zakaria akaja mpaka mlangoni pa chumba. Hapo akasimama.

"Mama Anaeli, sukuma ngazi hiyo nje. Unataka mumeo afukuzwe kazi?"

Nilikuwa binti mdogo, na yule mtu sikuwahi kumjibu zaidi ya ndiyo. Kwenye kuchuma kahawa akinyoosha fimbo nilikimbia. Mkono wangu mmoja ulikuwa kwenye ngazi, mwingine kwenye miguu ya mtoto.

"Hapana," nikasema.

"Nasema isukume!"

"Nami nasema hapana. Kama unaitaka, vuka uichukue. Halafu ukawaeleze wazee ulifuata nini chumbani kwa mzazi."

Akainua mguu, nikauona kiatu chake juu ya kizingiti. Akaurudisha nje. Akaenda zake akitukana, na hata matusi aliyatoa kwa sauti ya chini.

Moto uliwaka kabla ya adhuhuri, moshi ukapanda vizuri. Miguu ya baba yako ikapata joto mkononi mwangu, nikalia mpaka mama mkwe akanikemea. Ndipo akaitoa ngazi. Babu yako akashuka, akachukua mwiko wake akaenda kwa mzungu. Hakufika ndani. Alifukuzwa kazi barazani, mbele ya wageni waliojizungushia mablanketi. Mzungu akamuuliza kama anajua anacheza na nani. Babu yako akajibu, "Nakujua, bwana. Na mwanangu namjua pia." Akageuka akarudi nyumbani.

Tulipata shida, sitakudanganya. Tulikula ndizi za kihamba chetu, hili shamba la nyumbani, mpaka tukazichoka. Kuna ndugu waliosema tungejishusha kidogo. Mpaka leo nasema hapana. Nipe ngazi ile sasa hivi na mikono hii iliyokakamaa, nitaishika.

Kwa hiyo, mwanangu, sikuambii uache kazi. Watengenezee watu hita zao na viyoyozi vyao, utengeneze vizuri, uwe na adabu. Lakini mtu akikuita wakati mwanao anatetemeka, mwambie asubiri, na umwambie kwa sauti, usinong'one. Hoteli ina vyumba vingi vya kuhamishia wageni. Mwanao ana chumba hicho kimoja. Atakayekasirika na akasirike.

Mungu aibariki mikono yako isikose kazi, nyumba yako isikose joto, na huyo mdogo akue ampite babu yake Anaeli kwa kimo. Sasa inuka ukamalizie ile hita. Jumapili nakuja tena. Nikikuta waya bado zinaning'inia, nachukua ufunguo wa pikipiki yako, nampa mkeo kitandani, na mimi nakaa mlangoni.